Kishawishi cha Rafu: Isiolo na Kufifia kwa Duka la Vitabu

Historia ya fasihi ya Kiswahili nchini Kenya imezoea kuanza na mwandishi na kuishia kwa mhakiki. Muuza vitabu hutajwa kwa nadra, ilhali ndiye aliyeamua, kwa mtaji wake mwenyewe, ni kitabu kipi kitakachoonwa na msomaji asiyekitafuta. Isiolo ni mahali pafaapo kuuchunguza upungufu huo.

Mji huu ulikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako wakoloni waliingiza watu kwa vibali. Baada ya Uhuru na vita vya Shifta, eneo hilo liliwekwa chini ya kanuni za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Lami nayo iliishia hapo hadi ujenzi wa kuelekea Moyale ulipoanza mwaka 2007.

Shirika la East African Literature Bureau, lililoasisiwa 1948, halikuchapisha hadithi na mashairi tu. Lilitoa pia vitabu vya kilimo, afya na ufundi katika Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977, nalo likavunjika. Tangu hapo kitabu cha ufundi kimekuwa, aghalabu, cha Kiingereza na cha bei ghali.

Kilichombakiza muuzaji mdogo ni kitabu cha kiada. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, shule zilipewa fedha za kununulia vitabu vilivyoidhinishwa, na wauzaji wa karibu wakafaidika. Faida hiyo ndiyo iliyoweza kubeba rafu ya bidhaa zisizotoka haraka: kamusi, riwaya, mwongozo wa umeme, kitabu cha maradhi ya mifugo. Mzazi aliyetumwa hesabu ya darasa la tano hutazama rafu hiyo, akashawishika. (Hapana mwanafunzi wa uzamili asiyeijua dhambi ya kununua kitabu kabla ya kulipa kodi ya nyumba.)

Sheria ya kodi ya 2013 iliongeza asilimia 16 kwenye bei ya vitabu. Pigo kubwa zaidi likaja Januari 2018, serikali ilipoanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji hadi shuleni. Si haki kuubeza mpango huo. Lengo lake lilikuwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake, na kwa shule za mbali za kaskazini hilo si jambo dogo. Hata hivyo, gharama yake ililipwa na rafu ile.

Riwaya isiyoteuliwa kutahiniwa, kama kilivyo kitabu cha fundi, sasa haina pa kukutana na msomaji kwa bahati. Aliyeko Isiolo aweza kuagiza Nairobi kwa simu na kupokea kifurushi kwa basi, mradi awe amekwisha kulijua jina la kitabu.