Hesabu za Sweta Kabla ya Kompyuta na Baada Yake

Mfumaji wa sweta hakati kitambaa kilichokwisha kutengenezwa kama afanyavyo fundi cherehani, bali huunda kitambaa na umbo kwa wakati mmoja, akiongeza na kupunguza vitanzi vya uzi kadiri kazi inavyosonga mbele. Kwa sababu hiyo, kila upana wa mwili sharti ugeuzwe kuwa idadi ya vitanzi, na kila urefu kuwa idadi ya mistari, kwa kutumia kipimo cha msongamano, yaani hesabu ya vitanzi na mistari iliyomo katika sentimeta 10 za kipande cha majaribio.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vijitabu vya viwanda vya uzi vilichapisha majibu ya hesabu hiyo bila njia yake, hivyo mfumaji aliyebadili uzi alibaki na namba zisizomfaa. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Wisconsin nchini Marekani, alivunja utegemezi huo. Katika *Knitting Without Tears*, kitabu chake cha mwaka 1971, mzingo wa kiwiliwili huwa asilimia 100, na sehemu nyingine hupimwa kwa huo: kifundo cha mkono takriban asilimia 20, sehemu ya juu ya mkono karibu theluthi moja. Mzingo wa sentimeta 100 kwa vitanzi 20 katika kila sentimeta 10 huzaa vitanzi 200, kifundo cha vitanzi 40 na mkono wa 66. Uzi ukibadilika, uwiano unabaki. Zimmermann anastahili kuwekwa mwanzoni mwa historia hii, kwa kuwa aliwakabidhi wafumaji kanuni mahali pa namba.

Uwiano, hata hivyo, hauonyeshi mahali pa kuongeza. Kutoka 40 hadi 66, kwa vitanzi viwili kila mara, ni maongezeko 13; yakienezwa katika mistari 100, nafasi 9 hupata mistari 8 na nafasi 4 hupata 7, nazo zinapaswa kuchanganywa ili mshazari usivunjike. Tatizo la aina hiyohiyo lilitatuliwa mwaka 1962 na Jack Bresenham wa IBM, aliyetafuta namna ya kuiwezesha mashine kuchora mstari wa mshazari kwa hatua nzima nzima tu.

VisiCalc, programu ya lahajedwali iliyotolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston kwa ajili ya hesabu za biashara, ilionyesha jinsi jedwali zima linavyoweza kujihesabu upya namba moja inapobadilishwa. Wabunifu wa sweta walipozipokea lahajedwali, saizi zote za vazi moja ziliweza kutokana na kanuni zilezile. Kipimo chenyewe bado hutoka mkononi: kipande hufumwa, huoshwa, hukaushwa na kuhesabiwa vitanzi kwa rula, na msongamano wa 20 ukisomwa 21, lahajedwali itatoa bila kosa lolote la hesabu sweta yenye mzingo wa sentimeta 105.