Wakata Matangazo wa Isaka

Isaka ni stesheni iliyozaa mji, na wakazi wake wengi hawajipangii saa zao. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia hapa. Miaka mingi baadaye pakawekwa bandari kavu, na tangu hapo makontena hushushwa kwenye mabehewa na kupandishwa kwenye malori ya kwenda Kahama, Ushirombo, Rusumo hadi Kigali na kwingineko. Dereva hajui atapakia lini. Wakala wa mizigo hajui treni itaingia lini. Wenzetu wa mgodini, tangu Bulyanhulu ianze kutoa dhahabu mwaka 2001, wanaishi kwa zamu, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Halafu waambie watu hao kwamba tamthilia inaanza jioni saa fulani, kila siku, na asiyekuwepo ndiyo imempita.

Kazi yetu ilitokana na hilo. Nasema yetu kwa sababu hapa mjini sikuwa peke yangu, na Kahama walikuwepo wengi zaidi. Mimi nilikuwa na laibrari ya video karibu na stesheni, chumba kimoja chenye rafu tatu, benchi la wateja na TV ya chogo iliyokuwa haizimwi. Nilirekodi vipindi, nikakata visivyotakiwa, nikaunganisha vilivyobaki. Watu wakiandika habari za filamu za Bongo huanzia kwa waigizaji na maduka ya Kariakoo. Sisi wa mikoani tuliokuwa tukipanga upya kile kilichorushwa hatutajwi, au tukitajwa ni kwa jina la maharamia. Jina hilo silikatai lote, lakini halielezi kwa nini watu walikuja.

Zanzibar walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Bara serikali iliiona kama anasa, ikabaki hivyo mpaka mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza, ITV kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Televisheni ya Taifa ilikuja mwishoni mwa muongo huo. Kabla ya vituo hivyo, waliojiweza walinunua TV na deki wakaangalia kanda. Kwa hiyo kwetu Bara kanda ilitangulia kituo. Mtu alishazoea kusimamisha picha akapokee mgeni, kurudisha nyuma, kuazima na kurudisha. Kituo kilipokuja na ratiba yake, wengi walikiona ni mahali pengine tu pa kupatia kanda.

Mwanzoni nilifanya kwa deki mbili. Moja inacheza, nyingine inarekodi, na kidole kiko kwenye kitufe cha kusimamisha. Tangazo likianza unabonyeza, tamthilia ikirudi unaachia. Shida ni kwamba deki haivumilii kusimama muda mrefu: baada ya dakika kama tano huachia yenyewe ili mkanda usisuguane na kichwa. Matangazo yakizidi hapo, kazi imekuharibikia. Na kila ulipounganisha palibaki alama, picha inaruka, mstari wa rangi unapita chini, sauti inakohoa. Nakala ya nakala ya nakala ilikuwa chenga tupu, lakini watu waliangalia. Zilikuwepo pia kanda za Lufufu wa Dar es Salaam, yule aliyekuwa akizungumza Kiswahili juu ya filamu za nje. Sauti yake ilifika hapa kwa treni, ikiwa imepita deki nyingi hadi ukafikiri anaongea akiwa ndani ya pipa.

Kilichobadilisha mambo ni Isidingo. Tamthilia hii ya Afrika Kusini ilianza kwao mwaka 1998, na miaka ya 2000 ITV walikuwa wakiirusha. Habari yake ni ya mji wa mgodi wa dhahabu, Horizon Deep: wachimbaji, wakubwa wa kampuni, wake zao, wezi wao. Hebu fikiria ilivyopokelewa na watu wa Kakola, kando ya mgodi wa Bulyanhulu, na wa Kahama. Dar es Salaam waliangalia mavazi na visa vya Barker Haines na Cherel. Huku watu walibishana kama mgodi halisi unaendeshwa vile. Nilikuwa na wateja waliokuwa wakitoka zamu, wanapanda gari mpaka Isaka kusubiri treni, na jambo la kwanza kuuliza ni wiki nzima ya Isidingo.

Kwa deki mbili nisingeweza wiki nzima. Nikanunua kompyuta ya mtumba, Pentium 4, diski ya GB 40, na kadi ya kunasia picha. Kwenye risiva ya ungo mkubwa nilichomeka nyaya tatu, ya njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, zikaingia nyuma ya kompyuta. Nilirekodi moja kwa moja kwa MPEG-1, muundo wa VCD, ambao dakika moja hula kama MB 10. Kipindi cha nusu saa kikitolewa matangazo kilibaki na dakika kama 22. Diski moja ya VCD inachukua dakika 80, kwa hiyo Jumatatu hadi Jumatano zilikaa ya kwanza, Alhamisi na Ijumaa ya pili. Nafasi iliyobaki kwenye ya pili nilijaza ngoma za Kisukuma, nao wateja wa Shinyanga walifurahi kuliko walivyofurahia Isidingo yenyewe.

Kukata kulikuwa na siri yake. Video ya MPEG haihifadhi kila picha kamili. Huweka picha moja nzima, kisha zinazofuata zinabeba mabadiliko tu, mpaka ifike nzima nyingine kama nusu sekunde mbele. Ukikata katikati, picha inapasuka vipande vya mraba, na mbaya zaidi sauti inatangulia mdomo: Cherel anafoka, midomo yake inafuata baadaye. Ilibidi utafute ile picha nzima ndipo ukate. Nilitumia programu ya Kijapani, TMPGEnc. Ya bure iliruhusu MPEG-2 kwa siku 30 tu, ila MPEG-1 haikuwa na kikomo, na hiyo ndiyo iliyotutosha sisi wa VCD. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya kukata na kuunganisha bila kusaga video upya, kwa hiyo kazi ya wiki nzima ilimalizika dakika chache badala ya usiku kucha. Baada ya hapo ni Nero, kuchoma. Na hapo ndipo ulipoomba umeme usikatike. Mwaka 2006, ukame ulipokausha bwawa la Mtera na mgao wa umeme ukaanza, diski iliyokatikiwa umeme ikiwa katikati ya kuchomwa ilikuwa ya kutupa tu.

Matangazo niliyatambua kwa sikio kabla ya jicho, kwa sababu sauti yake huwa juu kuliko ya tamthilia. Karibu wote walitaka yatolewe. Dereva mmoja wa Kongo alikuwa akiegesha, hata salamu hajamaliza: "Fundi, unipatie ya juma nzima, piblisite utoshe yote, mi natoka asubui." Alilipa ili asipotezewe muda, na ndicho hasa nilichokuwa nikiuza. Aliyepinga alikuwa mama lishe wa pale stesheni. "Mwangaluka, fundi. Lile tangazo la sabuni usilitoe, watoto wangu wanaliimba." Nikamwachia.

Ikaja Ze Comedy, kipindi cha vichekesho, kwanza EATV halafu TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, na simu za memori kadi nazo zikawa zimeenea. Hapo hatukuunganisha tena, tulitenganisha. Mteja hakutaka kipindi chote, alitaka Masanja peke yake, au Joti peke yake, dakika tatu, kwenye simu, 3GP ya 176 kwa 144. Ni picha ndogo hata unashangaa mtu anachekea nini.

Mwigizaji Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alijulikana kwa michezo ya kundi la Kaole kwenye ITV kabla ya filamu. Alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, huku kwetu alilia hata asiyekuwa na TV. Wiki ile filamu zake zilijaa kila duka. Lakini waliokuja kwangu, hasa watu wazima, walitaka Kaole, wamwone akiwa kijana mwembamba kabla ya umaarufu. Nilikuwa nayo kidogo, kwa sababu mteja mmoja zamani aliomba nimrekodie, na nakala nikabaki nayo. Siku hiyo nilichoma bila kudai pesa.

Siku tisa baada ya Kanumba kuzaliwa, tarehe 17 Januari 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya deki za Betamax za Sony: mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akiangalie baadaye si kosa. Kuuza ni kesi nyingine, na kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoipa COSOTA kazi yake, haina utata juu ya hilo. Niliuza. Ila naona bado kuna tofauti kati ya anayechoma filamu mpya ya msanii kabla haijatoka dukani na anayemsogezea dereva Jumanne yake mpaka Jumamosi. Majaji wa Washington waliiona tofauti hiyo mapema. Sisi tuliwekwa kapu moja.

Biashara haikuuawa na sheria wala stempu za kodi za TRA. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, vikaja ving'amuzi, na vingine vilirekodi kwenye flashi lakini kilichorekodiwa hakikufunguka popote isipokuwa kwenye king'amuzi hichohicho. Kisha vituo vyenyewe vikaanza kuweka vipindi YouTube, vimeshakatwa matangazo. Dereva wa leo anaangalia akiwa kitandani kwenye lori lake. Laibrari yangu sasa ni duka la vocha na chaja.

Kule Philadelphia alikuwepo mama mmoja, Marion Stokes, aliyerekodi televisheni mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda kama 70,000, habari na matangazo pamoja, hakukata kitu, na leo watafiti wanazihangaikia. Kwangu limebaki tangazo moja, la sabuni. Basi nawaomba wenye kanda na VCD za miaka ile, Isaka, Kahama, Geita na Shinyanga: utando wa juu wa diski unabanduka, na kanda inashika ukungu. Zihamishieni kwenye diski ya kompyuta sasa, na msikate chochote.