Dar es Salaam: Mji Uliokatwa kwa Sheria ya Nyumba

Dar es Salaam haikuanza na Mjerumani. Aliyeitamani bandari ile, yenye mlango mwembamba na maji ya kina ndani yake, ni Sultani Majid bin Said wa Unguja, na aliikuta jirani na kijiji cha Mzizima, kwa Washomvi na Wazaramo. Katikati ya miaka ya 1860 akaanza kujenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Alipofariki mwaka 1870, nduguye Barghash hakuendelea na kazi hiyo, na majumba yakaachwa yachakae. Boma la Kale, pale Sokoine Drive, ni la enzi hiyo. Kuta zake nene bado zimesimama, na anayetaka kujua mji ulivyokusudiwa kabla ya wakoloni aanzie hapo.

Wajerumani waliingia mwaka 1887 kupitia kampuni yao, na mwaka 1891 serikali yao ikahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo. Sababu ilikuwa bandari: Bagamoyo meli kubwa zilitia nanga mbali na pwani, mizigo ikashushwa kwa mashua. Mwaka huohuo wakatunga sheria ya ujenzi, na kwa maoni yangu karatasi ile ndiyo iliyoujenga mji kuliko jengo lolote lililofuata. Iligawa ardhi kwa aina ya nyumba. Ufukweni upande wa mashariki ziruhusiwe nyumba za mtindo wa Kizungu tu, nyuma yake nyumba imara za mawe, na mbali zaidi vibanda vya miti na udongo. Kabila wala rangi ya mtu haikuhitaji kutajwa. Mwenye uwezo wa kujenga nyumba ya Kizungu alikuwa Mzungu, mwenye duka la mawe mara nyingi alikuwa Mhindi, na Mwafrika akabaki na fito zake. Watu wa mji wakayaita maeneo hayo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na hawakukosea.

Huko Uzunguni kazi ilifanywa kwa ustadi, na haki ni kuusema. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililokamilika mwanzoni mwa karne ya 20, lina vijipaa vya vigae vyekundu juu ya madirisha ili mvua na jua la mchana visiingie ndani. Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa mwaka 1897 mbele ya bahari, ikipokea upepo moja kwa moja. Lakini ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwenye hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Hata upepo wa bahari uligawiwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, ikulu ya gavana ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza, nao wenyewe wakauteka mji Septemba 1916. Waliijenga upya, ikakamilika mwaka 1922, kwa michoro ya J. H. Sinclair, ambaye alikwisha kujenga mengi Unguja; ndiyo maana ikulu yetu ina matao ya Kiarabu. Mambo mengine hawakuyabadili. Mwaka 1924 waliyathibitisha yale maeneo matatu, tena kwa aina ya majengo, na kati ya Uhindini na Uswahilini wakaacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja. Hoja waliyoitoa ni afya: malaria na maradhi ya kuambukiza yasivuke. Nyumba zilizokuwa hapo zikaondolewa.

Upande wa pili wa uwanja huo ndio Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita. Mitaa ilichorwa imenyooka, viwanja vidogo vinavyolingana, na mtu alikaa kwa kulipia, si kwa kumiliki. Juu ya viwanja hivyo watu wakajenga nyumba ya Kiswahili, na hii nitakaa nayo kidogo, maana hakuna mchoraji wa serikali aliyeibuni. Mbele kuna baraza ya kukalia jioni. Ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha unatokea uani kwenye jiko, choo na mabanda. Paa lilikuwa la makuti au madebe yaliyopasuliwa, baadaye bati. Mwenye nyumba hupangisha chumba kimojakimoja, kila familia na mlango wake, na ua ni wa wote. Ndivyo mgeni kutoka Rufiji au Tabora alivyopata pa kulala mjini bila serikali kumjengea hata ukuta mmoja. Mipango ya mji mara nyingi hutaja barabara na mabomba. Mimi naona nyumba hii ndiyo iliyobeba mji.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili wakaja wahandisi wa kampuni ya Sir Alexander Gibb na mpango wa mwaka 1949. Sasa lugha ilikuwa ya ujazo: Oysterbay nyumba chache zenye bustani, Magomeni na Temeke nyumba nyingi zilizobanana. Mpaka leo tangazo la viwanja linasema ujazo wa chini, wa kati, wa juu, na bei hufuata.

Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Lakini Dar es Salaam haikuacha kukua, na Kariakoo imepanda juu. Viwanja vile vidogo vya nyumba ya vyumba sita vimebeba maghorofa, mitaa ikiwa na upana uleule iliochorewa, na Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka na kuua watu wakiwa kazini madukani. Kazi ya kupanua mitaa hiyo na mifereji yake ingali inatungoja.