Mchambua Sufu wa Franeker na Dari Yake ya Sayari

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1774, watu wa Friesland, jimbo la kaskazini ya Uholanzi lenye malisho ya ng'ombe, mifereji ya maji na pepo zisizokoma kutoka baharini, walikuwa wakiulizana habari ya siku moja tu, nayo ni tarehe 8 Mei. Kwani kasisi wa kijiji cha Bozum, jina lake Eelco Alta, alikuwa ametunga kijitabu akieleza ya kwamba siku hiyo Utaridi, Zuhura, Mirihi na Mshtarii, pamoja na mwezi, zitakusanyika katika buruji ya Hamali, na kwamba makutano hayo huenda yakatikisa nidhamu nzima ya falaki, hata dunia yetu ikang'olewa katika njia yake na kuvutwa kuelekea kwenye jua. Habari ya namna hii haihitaji farasi ili ienee. Wenye kujua kusoma waliwasomea wasiojua, wasiojua wakawaongezea majirani, na kila aliyeipokea aliizidishia chumvi kidogo kabla ya kuipeleka mbele, mpaka likawa jambo la kawaida kusikia kwamba Kiyama kimeshawekewa tarehe.

Yafaa tumfanyie insafu yule kasisi, maana aghalabu hutajwa kwa dhihaka, na dhihaka ni rahisi kwa sisi tuliozaliwa baada ya tarehe 8 Mei kupita salama. Hesabu yake ya makutano ilikuwa sahihi: sayari zile zilikusanyika kweli mahali alipotaja na wakati aliotaja. Kosa lake lilikuwa katika kufasiri alichokiona, naye alikosea mahali ambapo macho ya kila mwanadamu humdanganya. Mtu akisimama ufukoni usiku na kuona taa za majahazi manne zimekaribiana, haimlazimu kudhani kwamba majahazi yenyewe yanakwaruzana, kwani moja laweza kuwa karibu na gati na jingine mbali kabisa penye upeo wa macho, ila yote yamo upande mmoja wa mtazamaji. Ndivyo zilivyo sayari. Mshtarii, kubwa kuliko zote, ina uzito usiozidi sehemu moja kwa elfu ya uzito wa jua, na iko mbali nalo mara tano kuliko tulivyo sisi. Hata ikisaidiwa na wenzake wote haina nguvu ya kuitoa dunia katika njia yake. Lakini kuliandika neno hili ni jambo moja, na kumtuliza mama mwenye watoto wadogo ambaye ameshaambiwa na mtu wa dini kwamba mwisho umekaribia ni jambo la pili, na hapo ndipo anapoingia mtu ambaye habari yake ndiyo maudhui ya makala hii.

Eise Eisinga alizaliwa tarehe 21 Februari 1744 katika kijiji cha Dronrijp, akiwa mwana wa mchambua sufu, naye akarithi kazi ya baba yake. Kazi hiyo ilikuwa ya kuipitisha sufu ya kondoo katika vitana vya chuma vyenye meno marefu, vilivyopashwa moto, mpaka nyuzi fupi zitoke na zile ndefu zilale sambamba, tayari kwa kusokotwa. Ni kazi ya mikono na subira, yenye harufu ya mafuta ya kondoo isiyotoka nguoni. Shule ya Kilatini, iliyokuwa mlango wa kuingilia chuo kikuu, hakuipata. Hata hivyo alikuwa na kiu ya hesabu isiyozimika, akawa akitoka kijijini kwao na kwenda Franeker kufundishwa hesabu, na ujanani mwake akajiandikia kwa mkono wake kitabu kikubwa cha elimu hiyo, akaendelea mpaka kuijua hesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi na ufundi wa kuchora saa za kivuli. Mwaka 1768 alimwoa Pietje Jacobs, wakahamia Franeker, katika nyumba iliyo kando ya mfereji karibu na jumba la baraza la mji.

Franeker, ijapokuwa mji mdogo, ulikuwa na chuo kikuu kilichoasisiwa mwaka 1585, chenye maprofesa wake na maktaba yake. Mtu angetazamia kwamba jawabu la hofu ya mwaka 1774 litatoka huko. Lilitoka sebuleni kwa mchambua sufu. Baada ya tarehe 8 Mei kupita bila ya dunia kutikisika, Eisinga, aliyekuwa na umri wa miaka 30, aliazimia kuwaonyesha watu kwa macho yao jinsi sayari zinavyokwenda, akajipa muda wa miaka saba kuikamilisha kazi hiyo. Na kwa kuwa mchana alikuwa na sufu ya kuchana na jamaa ya kulisha, aliifanya kazi hiyo katika saa zilizobaki, hata akaimaliza mwaka 1781 kama alivyoahidi.

Alichokitengeneza ni dari. Mgeni aingiapo katika chumba kile, ambacho si kikubwa, huona juu ya kichwa chake mbao zilizopakwa rangi ya samawati na kuandikwa kwa dhahabu, na katikati limening'inia jua. Kulizunguka mna mifuo ya duara iliyokatwa katika mbao, mmoja ndani ya mwingine, na katika kila mfuo hushuka ujiti mwembamba wenye tufe ndogo mwishoni. Ya kwanza ni Utaridi, ya pili Zuhura, ya tatu ardhi yetu pamoja na mwezi wake, kisha Mirihi, kisha Mshtarii, na ya mwisho kabisa, karibu na kuta, ni Zohali. Umbali baina ya tufe hizo na jua hakuukadiria ovyo, bali aliupima kwa uwiano mmoja, ambao kwa vipimo vya leo ni milimita 1 kwa kila kilomita milioni 1, hivi kwamba ardhi ipo sentimita 15 kutoka kwenye jua, na Zohali ipo takriban mita 1.4. Ukubwa wa tufe zenyewe haukufuata uwiano huo, wala usingeweza kuufuata, kwa maana ardhi iliyopimwa hivyo ingekuwa punje ndogo mno hata isionekane.

Siri ya mwendo wake imefichwa juu ya mbao, katika nafasi iliyo chini ya paa. Hapo mna magurudumu na pete za mti wa mwaloni, na badala ya meno ya shaba yachongwayo na mafundi wa saa, Eisinga alipigilia maelfu ya misumari iliyofuliwa kwa mikono, msumari mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi zilizohesabiwa, ili misumari ya gurudumu hili iisukume ya gurudumu lile. Yote huendeshwa na saa moja yenye uzani unaobembea, ikivutwa na vizito tisa. Palipo na hesabu nzuri mti wa kawaida watosha: ukiyajua maradufu ya mzunguko mmoja juu ya mwingine, na ukiwa na subira ya kupigilia misumari bila kukosea idadi, huna haja ya dhahabu ya wafalme. Husimuliwa kwamba uzani wa saa hiyo ulikusudiwa kuwa mrefu zaidi, lakini ungeshuka mpaka ndani ya kitanda, kwani vitanda vya watu wa huko wakati ule vilijengwa ndani ya kabati ukutani, naye Pietje hakuridhia kulala na chuma kikibembea juu ya uso wake; basi mume akalazimika kuufupisha na kufanya hesabu zake upya. Sijui mwanafalaki mwingine ambaye mizunguko ya sayari zake ilipitia kwanza kwenye idhini ya mkewe, na pengine elimu ingepata faida kama wangekuwa wengi. Juu ya kitanda hichohicho alipanga nyuso nyingine ndogo zenye mishale, zikionyesha siku ya juma, umri wa mwezi, nyakati za kuchomoza na kuchwa, na sura ya mbingu kama zionekanavyo juu ya Franeker.

Sifa ya dari hii iliyo kuu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ambayo mgeni mwenye haraka huiona kuwa ni kasoro, yaani haionekani kusogea. Kabla ya Eisinga palikuwako vyombo vingi vya kuonyesha mwendo wa sayari. Huko Uingereza, mnamo mwanzo wa karne ile, fundi wa saa George Graham alitengeneza chombo cha namna hiyo, na John Rowley akaunda kingine kwa ajili ya Charles Boyle, mtukufu mwenye cheo cha Earl wa Orrery, ambaye vyombo hivyo hata leo huitwa kwa jina la cheo chake. Vilikuwa vitu vizuri vya shaba, na mwalimu alivizungusha kwa mkono mbele ya hadhira, miaka ikapita kwa dakika chache na wanafunzi wakastaajabu. Lakini mwanafunzi wa chombo cha mkono hufundishwa mpangilio, hafundishwi wakati. Eisinga aliifungamanisha dari yake na wakati wenyewe: Utaridi humaliza duara lake kwa siku 88, Zuhura kwa siku 225, ardhi kwa mwaka, Mirihi kwa siku 687, Mshtarii kwa miaka inayokaribia 12, na Zohali kwa zaidi ya miaka 29. Ardhi katika dari ile husogea chini ya milimita 3 kwa siku, na Zohali haifikii hata milimita moja. Mtoto aliyezaliwa chini yake hulazimika kuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto wake mwenyewe, ndipo aione Zohali imerejea pale ilipokuwa alipozaliwa. Kwa hiyo aliyetaka kujua zitakutana wapi na lini sayari zilizomtisha hakuambiwa aamini maneno ya mtu. Aliingia, akatazama juu, akaona kila moja ikienda katika mfuo wake usiogusana na wa mwenziwe, akatoka akaitafuta mbinguni usiku uleule, akaikuta.

Mwaka uleule wa kukamilika kwa dari, tarehe 13 Machi 1781, William Herschel, mpiga muziki aliyehamia Uingereza kutoka Hannover, aliona kwa darubini yake mjini Bath nyota asiyoifahamu, ambayo baadaye ilithibitika kuwa ni sayari ya saba, Uranus. Eisinga hakuiongeza. Kwa uwiano aliouchagua, sayari hiyo ingehitaji mfuo uliokaribia mita 3 kutoka kwenye jua, nao ungetoboa kuta na kutokeza nje.

Msomi wa kwanza kuipa kazi hii haki yake alikuwa Jean Henri van Swinden, profesa wa chuo cha Franeker, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokutana Paris kuthibitisha urefu wa mita. Yeye aliitazama dari kabla haijamalizika, akaichapishia kitabu cha maelezo mwaka 1780. Umashuhuri huo haukumkinga mwenye dari na fitina za siasa. Eisinga alikuwa upande wa Wazalendo, waliotaka kupunguza mamlaka ya nyumba ya Orange, na majeshi ya Prussia yalipoingia Uholanzi mwaka 1787 kuisaidia nyumba hiyo, alilazimika kuikimbia nchi. Mwaka 1788 Pietje alifariki dunia, mumewe akiwa mbali. Eisinga aliishi uhamishoni kwa kazi ileile ya sufu, akaoa mara ya pili, na hakurudi kukaa Franeker ila baada ya mapinduzi ya mwaka 1795, Wafaransa walipokwisha ingia.

Na dunia ilivyo, nyumba ya Orange iliporudi madarakani, ilikuwa ni mfalme wa nyumba hiyohiyo, Willem wa Kwanza, aliyekuja kuitazama dari mwaka 1818, na mwaka 1825 ikanunuliwa kwa ajili ya dola, mzee akaachwa aendelee kukaa chini yake mpaka alipofariki tarehe 27 Agosti 1828. Chuo kikuu cha Franeker, chenye maprofesa wake wote, kilikuwa kimekwisha fungwa tangu mwaka 1811 kwa amri ya serikali ya Napoleon. Dari haikufungwa. Mwaka 2023 kikao cha UNESCO kilichokutana Riyadh kiliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, nayo yahesabiwa kuwa ndiyo ya zamani kuliko zote za namna yake ambazo bado zinafanya kazi.

Kwamba bado inafanya kazi ni kwa sababu muundaji wake hakuwa bahili wa elimu. Mafundi wengi, huko kwao na hata kwetu, huondoka na siri zao kaburini wakidhani kuwa ndiyo heshima ya kazi. Eisinga aliwaandikia wanawe maelezo kamili ya kila gurudumu na namna ya kulirekebisha, na wanaoilinda nyumba hiyo hutegemea elimu iliyotoka kwake. Kazi yao si kubwa ila haina likizo: vizito vyapasa kupandishwa, saa yapasa kusahihishwa pale joto na baridi vinapoibadilisha, na kwa kuwa duara la tarehe lina siku 365 tu, kila mwaka mrefu ufikapo, siku ya 29 Februari hurekebishwa kwa mkono. Ubao wenye tarakimu za miaka hutosha miaka 22. Ukiisha, huandikwa mwingine.