Haramia Aliyepewa Leseni

Neno haramia limenikaa akilini tangu nilipotakiwa kueleza kwa Kiswahili habari za redio za Uingereza zilizorusha matangazo bila leseni. Waingereza huziita redio za maharamia, na kwao jina hilo lanuka chumvi: mwaka 1964 Radio Caroline ilitia nanga nje ya maji ya nchi hiyo ikipiga muziki ambao BBC iliubania. Sisi twasikia zaidi ya bahari. Ndani ya haramia mna haramu, na haramu ina mwenziwe, halali. Basi haramia huhalalishwaje?

Sheria ya 1967 iliwabana wa baharini. Septemba mwaka huohuo BBC ikafungua Radio 1, na mtangazaji wa kwanza alikuwa Tony Blackburn, aliyetoka katika meli hizohizo. Hapo kilichohalalishwa ni sauti, si kituo.

Kisa cha Kiss FM ndicho kinachonigusa. Kilianza London mwaka 1985, bila meli, milingoti yake ikiwa juu ya mapaa. Maofisa wakichukua mtambo, hutafutwa mwingine. Kilipiga soul, reggae na house, muziki uliojaza kumbi lakini ukakosa nafasi katika redio rasmi. Kisha zikatangazwa leseni mpya, na sharti lake: atakaye kuomba aache kwanza kurusha. Mwisho wa 1988 Kiss ikajizima. Ombi la kwanza likashindwa, leseni ikaenda kwa Jazz FM. Gordon McNamee na wenzake wakaomba tena, wakapata, na tarehe 1 Septemba 1990 wakarudi hewani kihalali.

Miezi 20 ya kimya! Ni kama kumwambia malenga afunge kinywa ili athibitishe kwamba anafaa kughani.

Na uhalali ulikuja na madeni yake. Kituo kilichoendeshwa kwa mapenzi sasa kilikuwa na wanahisa, mishahara na matangazo ya biashara ya kutafutwa. Hatimaye kampuni ya EMAP ikakimiliki, na McNamee mwenyewe akaondoka.

Mapaa ya London hayakubaki matupu. Mwaka 1994 Rinse FM ilianza kurusha kutoka huko bila leseni. Iliipata mwaka 2010.