Saa Isiyojulikana: Utabiri wa Mwisho katika Dini Tatu

Wayahudi wangali wakimngoja Masihi. Wakristo wangoja kurudi kwake Yesu. Waislamu wasadiki kwamba Isa atashuka kumshinda Dajali kabla ya Kiyama. Tofauti hizo ni kubwa. Hata hivyo, juu ya saa yenyewe dini zote tatu zaafikiana: Talmudi yawalaani wanaopiga hesabu za mwisho, katika Injili ya Marko, sura ya 13, ni Baba peke yake aijuaye siku, na Kurani, sura ya 7, yaiweka elimu hiyo kwa Mola tu.

Historia yaonyesha gharama ya kuuvuka mpaka huo. Sabbatai Zevi, aliyesadikiwa na Wayahudi wengi kuwa Masihi, alisilimu mbele ya Sultani mwaka 1666, akawaacha wafuasi katika fadhaa. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilienea kutoka Lindi ikitangaza Kiyama. Wajerumani, wakiikumbuka Maji Maji, waliihofu kama uasi. Na huko Kanungu, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, viongozi wa kundi la Kikristo walitabiri kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Siku ikapita, tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini wakateketea katika nyumba ya ibada.

Sisi wa Ituri, tuliopitia vita vya 1999 hadi 2003, twaweza kwa wepesi kuuona kila msiba kuwa ishara. Basi aletapo mtu tarehe, tumwulize kwanza: nani amekupa elimu ambayo vitabu vyote vimewanyima wanadamu?