Uskoti: Uhuru wa Nchi na Swali la Ardhi

Mwaka 1296 Mfalme Edward I wa Uingereza aliivamia Uskoti. Makabaila wengi wa Uskoti walikula kiapo cha kumtii. Kwa nini? Wakubwa wao walimiliki ardhi katika nchi zote mbili, na mwenye mali kwa adui hapigani kwa moyo mmoja.

William Wallace, ambaye hakuwa kabaila mkubwa, pamoja na Andrew Moray, waliongoza askari wa miguu wakawashinda Waingereza penye daraja la Stirling mwaka 1297. Wallace aliuawa London mwaka 1305. Robert Bruce, aliyewahi kumtii Edward, alitawazwa mwaka 1306, akashinda Bannockburn mwaka 1314. Mwaka huo huo baraza la Cambuskenneth liliwanyang'anya ardhi waliokataa kumtii Bruce. Ndumilakuwili walilazimika kuchagua. Mwaka 1328 Uingereza iliukubali uhuru wa Uskoti.

Lakini ardhi ile waligawiwa makabaila wengine, na mkulima akaendelea kumlimia bwana. Basi sisi makada, tusomapo mapambano yoyote ya uhuru, tuulize: ardhi ilibaki mikononi mwa nani?